Anemoni wangu anakufa au anagawanyika?

SWALI: Nakaa Nakuru, mtaa wa Section 58. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200, lenye samaki wawili aina ya klaunfishi na anemoni mmoja wa kijani, yule mnyama laini wa baharini ambaye samaki hao hujificha ndani yake; ni wale ambao minyiri yao imevimba kwenye ncha. Jumapili stima ilipotea kuanzia mchana hadi usiku. Tangu Jumanne anemoni amebadilika. Kinywa kimekuwa kirefu, katikati pamebonyea, na upande mmoja wa mwili unavutika kuzunguka jiwe ilhali upande mwingine umebaki palepale. Mara anasinyaa, mara anajaa tena. Mume wangu anasema anakufa na tumtoe kabla hajawaua samaki. Jamaa aliyetuuzia tangi anasema nimkate kwa wembe ili nimsaidie. Mwingine ameniambia nichote maji ya Ziwa Nakuru nibadilishe, kwa kuwa nayo yana chumvi. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, usimtoe na usimkate. Maji ya ziwa yaache ziwani. Nitakueleza sababu hapo mbele. Kwa dalili ulizoandika, nina karibu hakika kwamba anemoni wako anagawanyika. Watu wengi hukimbilia kutazama kinywa, lakini mimi kilichonishawishi ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: upande mmoja unavuta na mwingine umebaki palepale. Maana yake mguu, yaani sehemu ya chini anayoshikia jiwe, bado umeshika, tena umeshika mahali pawili. Anemoni anayekufa huachia. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, shika hilo la mguu.

Kwa jinsi unavyoieleza minyiri yake, huyo ni Entacmaea quadricolor. Makao yake yanaanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki, yakaenda hadi Pasifiki. Kwenye miamba ya matumbawe huuficha mguu ndani ya ufa na kuacha minyiri tu ikipepea nje. Wale wa maji ya kina kifupi huwa wadogo na huishi wamesongamana, na mara nyingi kundi zima limetokana na mmoja aliyegawanyika tena na tena. Wale wa kina kirefu huwa wakubwa, hukaa peke yao, na hugawanyika kwa nadra. Kwa hiyo unaloliona sebuleni kwako ni uzazi wa kawaida wa mnyama huyu, uzazi usiohitaji mwenzi. Hutoa pia mayai na mbegu majini, ila kwenye tangi la nyumbani njia hiyo ni adimu sana kuleta watoto.

Sasa tumtazame kwa karibu. Jambo la kwanza ni kutanuka. Ile sahani ya minyiri, ambayo siku zote ni mviringo, inakuwa ndefu upande mmoja. Kinywa ambacho mnyama akiwa mzima ni mpasuo mfupi uliofumbwa katikati, kinanyooka kufuata urefu huohuo. Kwa wengine utaona kabisa vinywa viwili, kimoja ncha hii na kimoja ncha ile. Halafu minyiri ya katikati inaachana na kuacha kijia cha ngozi tupu kinachoigawa sahani nusu mbili. Huko chini mguu nao umeshaanza safari: nusu moja inatambaa kushoto, nusu nyingine kulia, na hakuna iliyo tayari kuachia. Mwili wa katikati unazidi kuwa mwembamba, kama donge la chapati linalovutwa na mikono miwili, mpaka ukimulika tochi kutoka nyuma unaona mwanga unapenya. Kisha panakatika. Wapo wanaomaliza kwa saa chache, na wapo wanaochukua siku kadhaa, wakivuta, wakipumzika, wakisinyaa na kujaa tena. Huko kusinyaa na kujaa unakokuona ni sehemu ya kazi yenyewe. Anemoni hana mfupa hata mmoja. Kinachomsimamisha ni maji ya bahari aliyoyajaza tumboni, na hawezi kujivuta hivyo bila kuyatoa na kuyaingiza upya.

Jiandae kwa kitakachofuata, maana hapo ndipo wengi hushtuka. Pakishakatika, kila nusu inabaki na ubavu mmoja mzima na mwingine uliochanika, wenye nyuzi nyeupe za tumboni zinazoonekana kwa macho. Kinywa kinakuwa pembeni kabisa, ukingoni. Sura yake inatia huruma. Lakini tazama ule ukingo: unajikunja kuelekea ndani, ngozi inakutana na ngozi, inashikana. Siku zinavyosonga minyiri mipya midogo inaota upande ule uliokuwa wazi, na kadiri inavyoota ndivyo kinywa kinavyorudi katikati. Nimewaona wengi wakipita hapo na bado nikiona inanigusa.

Ili usibahatishe, piga picha kwa simu kila baada ya saa tatu au nne, ukisimama mahali palepale. Ukilinganisha picha utajua kama anasonga mbele au amerudi alivyokuwa. Ikiwa mguu umejificha ndani ya ufa, mulika kwa tochi kutoka pembeni ya kioo, au shusha kioo kidogo cha mkononi nyuma ya jiwe. Usiinue jiwe ili uone vizuri.

Yapo mambo yanayofanana na kugawanyika na yasiyo hivyo. Anemoni ana tundu moja tu, la kulia na la kutolea uchafu. Anapojisaidia husinyaa akawa kidonge, kinywa kikafunguka, kikatoa uteute wa kahawia, na baada ya saa kadhaa akajaa tena mviringo wake uleule. Huyo hagawanyiki. Anayetafuta mwanga naye hurefuka sana, lakini shina lote linaelekea upande mmoja na mguu unahama kwa mwelekeo mmoja. Na anayeishi kwenye ufa mwembamba anaweza kubanwa na jiwe hadi ukadhani ni wawili, kumbe ukihesabu vinywa unapata kimoja, tena kiko katikati.

Mume wako naye hajakosea kuogopa. Anemoni akifa kwenye lita 200 bila mtu kugundua, anaoza upesi, amonia inapanda, na asubuhi samaki wote wako chini. Kwa hiyo zijue dalili za kifo kwa uhakika. Mguu unaachia na mnyama anabingirika na mkondo wa maji, halafu hajishiki tena popote hata akitua juu ya jiwe. Kinywa kinabaki wazi, matumbo yamemwagika nje na hayarudi. Minyiri hainati kitu. Nyama inameguka vipandevipande maji yanapopita, na maji yenyewe yananuka kuoza. Dalili ya mwisho kati ya hizi haina mjadala: nyama ikimeguka, mtoe wakati huohuo, kwa kumkinga ndani ya chombo mkiwa bado chini ya maji ili uozo usisambae. Weupe peke yake si kifo. Mwilini mwake huishi mwani mdogo sana unaomlisha kwa nguvu za mwanga. Akiupoteza hupauka, na wengi hurejea wakipata maji tulivu, mwanga wa wastani na chakula kidogo kidogo.

Kwa nini agawanyike sasa? Kuna njia mbili zinazofika hapo. Moja ni shibe: mnyama amekua, analishwa vizuri, mwanga wa kutosha, anajigawa. Nyingine ni mshtuko. Joto likiyumba, chumvi ikiyumba, taa ikibadilishwa ghafla, mnyama anajigawa. Wako mimi naielekezea kidole Jumapili. Stima ilipokatika pampu zilisimama na hita ikazima. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa huku juu ni nyepesi, maji yenye joto na chumvi ileile hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko yangekuwa Mombasa. Mnyama wa pwani anayefugwa Nakuru ana akiba ndogo, na pampu ikinyamaza akiba hiyo inaisha mapema. Ongeza baridi ya usiku, hasa Juni na Julai, na utaelewa kwa nini nasisitiza kila mwenye tangi la bahari huku kwenu awe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Kabla ya taa za kifahari, kabla ya matumbawe ya rangi, nunua hiyo.

Wenzako wa Kisumu wana shida iliyogeuzwa. Huko ni kama mita 1,130, na joto la mchana linaweza kusukuma maji ya tangi hadi nyuzi 29 au 30. Wanaweka feni juu ya maji, nayo inasaidia kweli, ila inayakausha. Maji yanaruka, chumvi inabaki. Asiyeongeza maji matamu kila siku anajikuta chumvi imepanda polepole, kisha anaona kina kimeshuka na kumwaga ndoo nzima kwa mkupuo. Anemoni anayumbishwa mara mbili. Kidogo kidogo kila siku ndiyo njia.

Leo hii nataka upime. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27. Chumvi iwe sehemu 35 kwa elfu, yaani 1.025 au 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji ya chumvi. Amonia sifuri, nitraiti (sumu nyingine itokanayo na uchafu) sifuri. Kama vipimo viko hapo, usibadilishe maji, mwache amalize. Kama amonia imeonekana, badilisha asilimia kumi hadi ishirini kwa maji uliyoyachanganya na kuyapasha joto mapema, wala usiyamwage juu yake.

Na hapo ndipo suala la ziwa linapoingia. Naelewa kwa nini mtu analifikiria: liko karibu, maji yake hayanyweki, na sisi wa bara chumvi ya bahari tunaitafuta mbali. Lakini chumvi ya Ziwa Nakuru kwa sehemu kubwa ni magadi. Bahari ina chumvi ya kawaida pamoja na magnesiamu na kalsiamu kwa uwiano wake. Ziwa lina sodiamu kabonati na bikabonati. Kipimo cha pH cha bahari ni karibu 8.1, cha ziwa ni karibu 10, na kwa jinsi kipimo hicho kinavyohesabiwa tofauti ya namba mbili ni mara mia. Tena kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyogeuka kuwa ile hali yenye sumu kali. Mwani wa kijani-buluu anaokula heroe umezoea maji hayo. Klaunfishi wako na anemoni wako wangekufa ndani yake. Isitoshe, ziwa limo ndani ya hifadhi ya taifa. Tumia chumvi ya tangi ya pakiti, uikoroge kwenye maji yaliyopita kichujio cha RO, kile kinachoondoa karibu madini yote. Maji ya bomba yana klorini, na ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi na madini mengine ambayo huna haja ya kuyakusanya tangini.

Wembe nao. Ni kweli wapo wafugaji wa biashara wanaokata anemoni wa aina hii kupita katikati ya kinywa, na nusu zote zikaishi. Wao huchagua mnyama mkubwa, mwenye afya, aliyetulia. Wako yuko katikati ya kazi na ameshachagua mstari wake mwenyewe, na tayari tishu za mstari huo zimejiandaa kuziba. Ukipitisha wembe mahali pengine unampa kidonda cha pili. Hata kikibaki kijiuzi chembamba kabisa kinachounganisha nusu mbili, na kikakaa hivyo siku nzima, usikikate. Vidole vyako viweke nje ya maji.

Kitu kimoja tu kinataka mikono yako, tena leo kabla hujalala: funika kila mdomo wa pampu kwa sponji. Anemoni aliyetoka kugawanyika hutembea. Nusu mbili zinaachana, kila moja inatafuta mahali pake, na wengi waliookoka mgawanyiko wamekufa kwa kuvutwa na pampu usiku na kusagwa. Nyumba nzima huamka na tangi lenye maji meupe. Sponji ya kawaida, iliyokatwa na kufungwa vizuri kwa uzi wa nailoni, inatosha. Isafishe kila siku maana huziba. Kama una makaa maalumu ya kuchujia maji ya tangi, weka kidogo, yatashika uteute. Taa ziache zilivyo, mawe yaache yalipo.

Usimlishe sasa. Kinywa hakijakamilika, na chakula kitakachoingia kitaozea ndani au kutokea ubavuni. Subiri mpaka kinywa cha kila mmoja kifumbe vizuri na minyiri inate. Kwa kawaida ni wiki moja au zaidi. Ndipo umpe kipande cha kamba wa baharini, mbichi, asiye na chumvi wala viungo, cha nusu sentimita tu. Akikitema usibishane naye, jaribu baada ya siku tatu. Omena usimpe. Najua ni rahisi na iko kila mahali huku bara, lakini ile iliyokaushwa ina mchanga na mafuta, na inachafua maji kuliko inavyomlisha.

Klaunfishi watakuwa na wasiwasi. Mara nyingi humng'ang'ania mwenyeji wao, wakajisugua hata kwenye upande uliochanika. Wakizidisha, mfunike ile nusu dhaifu kwa kikapu cha plastiki chenye matundu, kikandamizwe kwa kijiwe, maji yapite na samaki wasipite. Mtoe kikapu anapoanza kujaa vizuri.

Wote wawili watakuwa mnyama yuleyule kwa damu, kwa hiyo hawatachomana hata wakigusana. Anemoni wa ukoo mwingine ni habari tofauti, usimwongeze. Lita 200 zinawatosha wawili. Wakifika wanne utahitaji kugawa, na hilo ni jambo zuri: kila anemoni aliyezaliwa tangini Nakuru ni mmoja ambaye hakung'olewa kwenye miamba ya pwani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968 na humo hairuhusiwi kuchukua kiumbe chochote. Anemoni porini hukua taratibu, na akiondolewa, klaunfishi wake hawana pa kujificha. Ukipata wa kuwagawia majirani Naivasha, Eldoret au Kisumu, gawa.

Lakini usigawe kabla ya wiki sita. Ukifika wakati huo, hamisha jiwe pamoja na mnyama wake. Kama ameshika kioo, ingiza kadi ya plastiki iliyolainishwa ncha chini ya ukingo wa mguu, sogeza polepole, pumzika anapokaza, endelea anapolegea. Usivute. Mguu ukichanika, aghalabu hapati nafuu. Msafirishe kwenye mfuko wenye maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ndani ya kikasha kinachozuia joto, na anayempokea amzoeshe kwa kumdondoshea maji yake kwa mpira mwembamba kwa saa moja. Tangi lake liwe limekaa na maji na kutulia kwa angalau miezi sita.

Nikuachie jambo la usiku wa leo. Mara chache nusu moja hupona na nyingine ikashindwa. Ukiona nusu moja imeachia jiwe, inabingirika, na nyama yake inameguka, toa hiyo peke yake na upime amonia asubuhi. Iliyoshika iache, hata kama imesinyaa na inatisha kuitazama.